Maji ya Texas Hayagandi

Kwa miaka miwili mizima niliamini, tena kwa imani ya kuuhamisha Mlima Kilimanjaro na kuupeleka Tanga, kwamba maji ya bomba ya Texas hayagandi kwa sababu serikali huyatia mafuta. Si mafuta mengi. Tone moja kwa pipa. Aliyenieleza ni kaka mmoja Mrundi niliyefanya naye kazi ghalani, karibu na uwanja wa ndege, mtu aliyetutangulia sote kuja huku na ambaye kila Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Sasa mwimba besi atadanganya nini?

"Hii ni nchi ya mafuta, ndugu yangu," aliniambia huku anachota maharage kwenye kopo lake. "Unadhani yote wanatia kwenye magari? Kule kaskazini mabomba yanapasuka kwa sababu wao hawana. Sisi tunayo. Onja maji ya koki halafu uniambie."

Nikaonja. Ladha ilikuwepo. Ladha ya nini sijui, lakini mtu anayetafuta ushahidi hachagui ladha. Siku hiyo hiyo nikaona sabuni haitoi povu vizuri bafuni, nikajisemea, si unaona? Mafuta. Nikawapigia simu watu nyumbani, nikawaelimisha. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Irving na Carrollton, viungani mwa Dallas, watu mia mbili na ushee, na watatu waliweka kidole gumba. Hakuna aliyebisha. Nadhani hakuna aliyesoma.

Na mimi si mbumbumbu. Wakati huo tayari nilikuwa na cheti cha shule ya jioni, kimewekwa fremu ya dhahabu na kutundikwa juu ya televisheni, kikubwa kama mlango wa stoo. Tatizo ni kwamba somo la sayansi lilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya kupakua makontena kazini, kwa hiyo sayansi yote niliisikiliza nimefumba macho.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki tano, mvulana, na Jumatatu iliyokuwa inakuja alitakiwa arudi kazini hospitalini, alikokuwa akihudumia wagonjwa wodini. Huku uzazi hupewa likizo kama ya mafua. Mimi mchana niko ghalani. Mtoto wa wiki tano hawezi kuachiwa televisheni. Tegemeo letu lote lilikuwa mama mkwe, ambaye baada ya mahangaiko ya viza yanayostahili kitabu chake mwenyewe, alikuwa anakuja kukaa nasi miezi mitatu.

Hapa kulikuwa na mshindani. Mdogo wake mke wangu anaishi Houston, pale Sharpstown, ana pacha wa miaka miwili wanaovunja nyumba kwa zamu. Yeye alishasema wazi kwenye simu: "Dada, mama mpokee wewe kwa sababu ndege inatua kwenu. Lakini nikisikia amelala na njaa au na baridi hata siku moja, namfuata." Mumewe ni dereva wa lori, anapita Dallas kila wiki. Haikuwa kitisho cha bure. Kilikuwa na usafiri.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kwenye majengo ya zamani ambayo joto lake ni la maji. Nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na boila kubwa linalonguruma kama kiboko mwenye kikohozi, na kutoka hapo maji ya moto yalipita kwenye mabomba ndani ya kuta mpaka kwenye hita ya kila chumba. Chumba kikubwa, chenye bafu lake mwenyewe, tulimwachia mama. Tukatandika, tukapiga deki, tukaweka na maua ya plastiki. Ilikuwa imebaki wiki moja afike. Mimi nikaona hakuna maana ya kupasha joto kitanda kitupu. Nikaingia bafuni mle, nikafungua kabati la chini ya sinki, nikakuta valvu ya bomba la hita ya chumba kile, nikaifunga kwa mikono miwili. Hesabu yangu ilikuwa kwamba joto likikuta mlango umefungwa huku, litahamia kwetu sebuleni, kama watu wanavyohamia dirisha la pili benki.

Siku mbili kabla ya ndege kutua, ofisi ya majengo ilibandika tangazo kwenye kila mlango. Baridi kali inakuja. Acheni hita zikiwaka vyumba vyote, hata visivyo na mtu. Fungueni milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto lifike kwenye mabomba. Acheni koki zidondoke usiku kucha.

Nililisoma nikacheka mpaka jirani akafungua pazia. Koki zidondoke! Mimi nimekulia kwenye mgao wa maji. Marehemu mama yangu alikuwa anasikia tone la koki kutoka nyumba ya tatu, na akilisikia anakuja na mwiko. Wazungu wanataka nimwage maji usiku kucha kwa hiari yangu? Na kwa kitu gani, wakati maji yenyewe yana mafuta? Nikalikunja tangazo, nikalitumia kutuliza mguu wa meza uliokuwa unayumba. Lile kabati la chini ya sinki nalo nikahakikisha limefungwa vizuri. Mgeni anakuja, aone mabomba ya nini?

Baridi ikaja. Wanaume wa Texas wana magari ambayo tairi zake zinanifika kifuani, magari ya kupandia milima katika mji usio na hata kichuguu. Asubuhi ile barabara ziliteleza kidogo tu, ganda la barafu lisilozidi unene wa chapati, na magari yale yalilala mitaroni kama ng'ombe waliokunywa pombe. Shule zilikuwa zimefungwa tangu jana yake, kwa utabiri tu. Dukani mikate yote ilikuwa imekwisha. Sijui kwa nini watu hawa wakiona barafu wanakimbilia mkate. Niliendesha kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege kwa mwendo wa msiba, safari ya dakika kumi na tano ikawa ya karne moja, na mke wangu nyuma amemkumbatia mtoto anasoma rozari.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa taabu yangu. Mke wangu kwao ni Makete, kwenye nyanda za juu kusini, na kwa mila za ukoo wao mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso. Humtazami machoni. Huketi kwenye mkeka wake. Chumba anacholala ndiyo usiseme, hata kivuli chako hakitakiwi kivuke kizingiti. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu akikosekana, kwa mtoto, hata kama mtoto hajajua bado kwamba ana miguu. Mimi Makete nilifika mara moja tu, Desemba, siku ya kupeleka posa. Niliona mvua, nikaona viazi, nikaondoka.

Mama akatoka kwenye mlango wa wanaowasili akiwa na sweta tatu, koti la mvua, na mfuko wa salfeti wa maharage aliokuwa ameubeba kichwani kana kwamba ametoka sokoni. Nikainamisha kichwa, nikamwamkia nikiwa nimetazama magurudumu ya toroli. Akaitikia akitazama upande wa maegesho. Mambo yakaenda kwa heshima.

Kwenye gari ndipo nilipoharibu. Nilijiona mwenyeji. Nikamgeukia mtoto na kusema kwa sauti ya mwalimu:

"Mwanangu, mwambie bibi yako ajifunike vizuri. Hii baridi ya huku si mchezo. Afrika haijawahi kuonekana."

Bibi akamshika mjukuu wake kidevu. Kwa utani wa bibi na mjukuu, humwita mumewe.

"Mume wangu," akasema, "mwambie baba yako nimesikia."

Basi. Mke wangu akawa anatazama nje ya dirisha, mabega yanamtikisika. Nikadhani ni baridi.

Tulipofika, mke wangu akafungua mlango wa chumba cha mgeni kwa mbwembwe, kama anayezindua daraja. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya bucha. Nakuambia ungeweza kutundika nusu ng'ombe mle ndani mpaka Pasaka. Maua ya plastiki yalikuwa yamenyauka, Mungu ni shahidi. Mke wangu akagusa hita: baridi kama pua ya mbwa. Akanitazama, akaingia bafuni, akafungua kabati, akaiona valvu imefungwa. Akaifungua. Hakukusikika kitu. Akaizungusha mpaka mwisho. Kimya.

"Bomba limeganda," akasema.

"Haliwezi kuganda," nikamjibu kutoka koridoni, kwa sababu mzigo wa mama ulishawekwa mle na mimi sikuwa na ruhusa ya kuvuka. "Hita imeharibika tu. Maji ya hapa hayagandi."

"Kwa nini hayagandi?"

"Yana mafuta."

Alitoka taratibu mpaka tukawa tumekabiliana.

"Yana nini?"

"Mafuta. Tone moja kwa pipa."

Mke wangu akatazama dari. "Ee Mungu wangu," akasema, "mimi nimeolewa na nani?"

Simu ikalia, ya kutoka Houston. Mama aliiweka spika, kwa hiyo wote tukasikia.

"Mama umefika? Kuna joto hapo?"

Mama hakusema uongo, hajui namna yake. "Chumba changu kimelala kidogo," alijibu.

"Kimelala! Nilijua! Mama, huyo shemeji yangu aliwahi kuunguza birika la umeme kwa kuliweka kwenye jiko la gesi. Sikiliza. Mume wangu anapita Dallas kesho saa nne asubuhi. Kama mpaka muda huo hujalala kwenye joto, unapanda lori unakuja huku. Shemeji, najua unanisikia!"

"Nakusikia, shemeji," nikasema.

"Basi hesabu masaa."

Mke wangu alikaa kwenye kochi, akamweka mtoto kifuani, akaanza kupiga hesabu ya Jumatatu usoni mwake, nami nilikuwa naisoma kama ubao. Nani atamshika huyu? Nikapiga simu ofisini. Sauti ya mashine ikanishukuru kwa kuwa mpangaji mwema. Nikapiga tena. Binti mmoja akaniambia kwa furaha kwamba wata-send mtu. Majengo kumi na moja, fundi mmoja, na fundi mwenyewe nilimwona dirishani akiteleza kwenye maegesho na ngazi mkononi, anazunguka kama anacheza dansi.

Basi nikaamua kuwa mwanamume. Nilichukua sufuria letu la pilau, lile la kulisha harusi, nikalijaza maji na kulibandika jikoni. Yalipochemka mpaka mfuniko ukawa unaongea peke yake, nikamwambia mke wangu: "Mtoe mama aje sebuleni. Naingia kulimwagia hilo bomba."

"Utaingiaje, na vitu vyake viko mle?"

Hilo lilikuwa swali la kisheria. Tukalijadili. Akaenda kukusanya kanga na vinginevyo, akavifunika kwa shuka. Lakini kitanda ni kitanda, huwezi kukikunja. Mwishowe tukakubaliana: nitaingia kinyumenyume, ili macho yangu yasikione kitanda cha mama mkwe. Yeye ataniongoza.

Kwa hiyo, wewe fikiria. Mtu mzima mwenye cheti, amebeba sufuria la maji yanayotokota, anarudi nyuma koridoni hatua kwa hatua, na mkewe anaita kama utingo anayeegesha lori:

"Rudi. Rudi. Kata kushoto kidogo. Kushoto kwako, wewe bwana! Hapo hapo. Rudi."

Kutoka sebuleni nikasikia sauti ya mama, tulivu, inaongea na mtoto:

"Mume wangu, muulize baba yako hayo maji anampelekea nani."

Nikavuka kizingiti kwa kisigino, nikapita kitanda bila kukiona, nikaingia bafuni. Nikageuka, nikapiga magoti mbele ya kabati. Bomba la shaba lilikuwa mbele yangu, limevaa koti jeupe la ukungu wa barafu. Hata hapo, nakiri, nilijisemea kwamba huenda yale mafuta ndiyo yaliyoganda. Nikainua sufuria.

"Acha!"

Sijawahi kusikia neno lile likisemwa vile. Nilidhani ni polisi. Nikageuza shingo na kumkuta mama mkwe wangu amesimama mlangoni mwa bafu, mtoto begani, ananitazama mimi machoni, moja kwa moja, bila kupitia kwa mjukuu wala mtu wa tatu.

"Weka chini. Ukimwaga hayo, bomba linapasuka, na maji ya boila yanakuja usoni kwako na kwa huyu mtoto. Weka chini, mkwe."

Nikaweka.

Akampa mke wangu mtoto. Akavua koti la mvua, akakunja mikono ya sweta zote tatu, akapiga magoti pale pale ubavuni kwangu, mama mkwe na mkwe chini ya sinki moja, jambo ambalo kwao lingetosha kuitisha kikao cha ukoo. Akaagiza maji ya baridi, akayachanganya na yangu mpaka mkono ukavumilia. Akachana kitenge chake cha zamani vipande vinne, akavichovya, akavikamua, akalifunga bomba kama anavyofunga mtoto nepi. "Anzia huku, upande wenye valvu," akaniambia. "Ukianzia katikati, maji yatakosa pa kutokea." Mke wangu akaleta draya yake ya nywele. "Hiyo ni nzuri," mama akasema, "ila isimame mbali. Polepole. Bomba ni kama mtu aliyenyeshewa, humtupi motoni."

Tukabadilisha vitambaa. Nilichovya, nikakamua, nikampa. Alifunga, akafungua, akanirudishia. Adhuhuri ikapita. Magoti yangu yalikufa, yakazikwa, yakafanyiwa arobaini. Katikati ya kazi nilijikuta nimemwangalia bila kukusudia, na yeye hakugeuza uso.

"Mama umejifunzia wapi haya?" nikathubutu.

"Makete," akasema. "Mwezi wa sita na wa saba barafu inalala juu ya viazi mpaka majani yanakuwa meusi. Bomba la kijijini kwetu linaganda kila mwaka. Usiku tunaliacha lilie, asubuhi tunalifunga magunia. Ulikuja Desemba."

"Nilikuja Desemba," nikakubali.

"Ukaniambia Afrika haijawahi kuonekana."

Mke wangu alicheka mpaka mtoto akaamka. Kumbe mle garini hakuwa anatetemeka kwa baridi.

Mnamo saa kumi bomba likatoa mlio. Kwanza kama mtu anayemeza mate, halafu likagonga mara mbili ndani ya ukuta, halafu nikasikia maji yanakimbia. Mama akalipapasa lote, mbele na nyuma, akitafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Hiyo ilikuwa bahati tu, na aliniambia hivyo hivyo, bila kunipamba. Hita ikakohoa vumbi, kisha ikaanza kupumua hewa ya uvuguvugu, kisha ya moto. Mama akanyoosha miguu yake mbele yake, akafumba macho.

Fundi wa majengo alifika siku ya tatu. Akagusa hita, akaona iko moto, akaweka tiki kwenye karatasi yake na kuandika kwamba ameitengeneza.

Lakini jioni ile ile bomba lilipofunguka, Houston ilipiga tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbali, nasubiri hukumu.

"Mama, kuna joto?"

"Lipo."

"Sasa kesho uje au usije?"

Mama alinitazama, tena machoni. Nadhani baada ya sinki lile aliona mila ilishavunjika, hakuna cha kuokoa. "Siji," akasema. "Nikiondoka hapa, huyu mkwe atakuja kumgandisha mtoto. Mwambie mumeo anipitie mwezi wa nne."

Mke wangu akafunika uso kwa kanga. Jumatatu alikwenda kazini.

Kaka yangu wa besi nilimkabili ghalani wiki hiyo. Alisahau kabisa kama aliwahi kuniambia. "Mafuta kwenye maji?" akauliza. "Nani huyo mjinga alikwambia?" Akacheka kwa besi, na mimi nikabaki na ujinga wangu mkononi, sina wa kumrudishia. Hata hivyo sikuuacha palepale. Imani ya miaka miwili haitoki kwa siku moja. Jioni niliporudi, mama alikuwa anachagua maharage mezani, ile meza niliyoituliza kwa tangazo. Nikaketi upande wa pili. Nikamweleza yote: nchi ya mafuta, tone moja kwa pipa, ladha ya koki, povu la sabuni. Nikamuuliza kama huenda, kwa kiasi fulani, kuna ukweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Hakuna mafuta, mkwe," akasema. "Maji ni maji. Yakipata baridi ya kutosha yanaganda, ya Makete na ya hapa. Usifunge hita, na usiku acha koki idondoke."